Nina sapu mbili na vikundi vitatu: niache vyote?

"Mimi ni Mmasai wa Kiparakuyo kutoka Kilindi, nasoma mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Tanga mjini. Darasani tuko themanini na kitu, na wa kwetu niko peke yangu. Chuo kizima tunajuana wanne. Nilipofika sikuwa na mtu, nikajiunga na kila kitu nilichoalikwa: timu ya mpira, kwaya, na kikundi cha utamaduni ambacho kila kikipata mwaliko wananitaka nivae rubega niruke. Matokeo ya semista ya kwanza yametoka, nina sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, moja ya hesabu na moja ya stadi za mawasiliano. Anayenilipia ni kaka yangu, aliuza ng'ombe wanne. Amesema kwenye simu niache michezo yote nikae chumbani nisome, la sivyo nirudi nikachunge. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu anasema nikiacha vikundi nitakufa kwa upweke, na kwamba Wazungu wameshathibitisha wanaojiunga na vikundi ndio wanaofaulu. Sijui nimsikilize nani. Darasani jina langu ni 'Masai' tu. Siku moja mwalimu mgeni alinikuta mlangoni akaniuliza funguo za darasa ziko wapi, akidhani mimi ni mlinzi. Wote walicheka, na mimi nikacheka. Ratiba yangu ya wiki nimeiandika hapo chini. Niache vyote, au nibaki?"

Mwanangu, pole kwa sapu, na pole zaidi kwa kicheko cha mlangoni. Hapo nitarudi. Kwanza nikupe jibu fupi usije ukasoma hadi chini roho ikiwa juu: usiache vyote, wala usibaki na vyote. Kimoja kibaki, kimoja ukipunguze, kimoja ukiwekee sharti, halafu uanzishe cha nne ambacho kwenye barua yako hakimo. Hicho cha nne ndicho kitakachokutoa kwenye sapu. Kaka yako na mwenzako wa mwaka wa tatu, kila mmoja ameushika ukweli kwa mkia.

Tuanze na kaka, maana ndiye mwenye ng'ombe. Ratiba yako nimeijumlisha kwa kalamu. Mpira ni Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na mechi ya Jumamosi inakula saa 4 ukihesabu kwenda na kurudi. Jumla saa 12. Kwaya ni Jumanne na Alhamisi usiku, saa mbili mbili, na Jumapili tangu asubuhi hadi mchana. Jumla saa 9. Kikundi cha utamaduni ni Jumatano na Ijumaa usiku, saa tatu tatu, na mialiko ya mwisho wa wiki saa 6, jumla 12. Vyote vitatu vinakuchukulia saa 33 kwa wiki. Vipindi vyako vya darasani ni saa 24. Na hapo sijagusa kupika, kufua, wala mwendo wa usiku kurudi geto.

Kwenye mstari wa kujisomea umeandika neno moja tu, "usiku", siku zote saba. Usiku wa saa ngapi, mwanangu? Mtu ametoka mazoezini saa kumi na mbili, akaingia kwaya saa moja, akarudi geto saa tatu na nusu akawasha jiko. Huyo akifungua daftari la hesabu saa tano, anafungua kwa kutimiza wajibu. Macho yanapita kwenye mistari, kichwa kimeshalala. Kaka yako yuko Kilindi na ratiba hii hajaiona, lakini ameinusa.

Anapokosea ni kwenye dawa. Na simsemi kwa ubaya, kwa sababu dawa hiyo hiyo niliwahi kuiandika mimi. Miaka ya nyuma, nikiwa mshauri wa wanafunzi kwenye chuo ambacho sitakitaja, alikuja binti aliyetoka mbali, peke yake wa kwao, ana sapu tatu. Alikuwa akicheza netiboli. Nikamwambia kwa sauti ya baba: acha mpira, shika kitabu. Alikuwa msikivu, akaacha siku hiyo hiyo. Sapu alizifaulu zote, nikajipongeza. Semista iliyofuata akaanza kukosa vipindi, na katikati ya semista akafunga begi akarudi kwao. Aliyekuwa akilala naye chumba kimoja ndiye aliyeniambia kwamba tangu aache netiboli hakuwa na mtu wa kuongea naye. Alikuwa anakula chumbani, anasoma chumbani, analia chumbani. Nilikuwa nimemtoa mahali pekee ambapo asipoonekana kuna mtu anauliza "leo yuko wapi?"

Sasa huyo wa mwaka wa tatu na Wazungu wake. Ni kweli wamelichunguza jambo hili miaka mingi. Mwaka 1984 Alexander Astin, wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, aliandika kwamba mwanafunzi hunufaika na chuo kwa kadiri ya nguvu za mwili na za akili anazozitia humo: kwenye vitabu, kwenye vikundi, kwenye kuzungumza na walimu. Maneno hayo yamenukuliwa sana, na wengi huishia nusu. Nusu ya pili ni kwamba nguvu hizo zina kikomo, na saa iliyokwenda huku haipo tena kule. Astin huyo huyo aliona kwamba kibarua cha saa chache ndani ya chuo kiliendana na mwanafunzi kubaki chuoni, na kazi ya kutwa nje ya chuo iliendana na kuacha masomo. Kwa hiyo kujishughulisha si dawa ya kunywa chupa nzima.

Kuna jingine ambalo mwenzako hakukwambia. Wanaojiunga na vikundi mara nyingi walishakuwa na nafuu kabla ya kujiunga: ada imelipwa, Kiingereza wamekizoea tangu utotoni, wana kaka au dada aliyepita chuo. Hapa Tanga tunaishi na baiskeli. Ukiona wenye baiskeli wanawahi mjini asubuhi, usiseme baiskeli ndiyo iliyowaamsha. Watafiti makini wanaijua hitilafu hii na wanajitahidi kuitenga. Wakishaitenga faida hupungua, ingawa haiishi, na imeonekana zaidi kwa wanafunzi wachache-wachache kama wewe, waliofika chuoni bila jamaa na bila maandalizi makubwa. Hilo ndilo linalonifanya nisikwambie uache vyote.

Wataalamu wenyewe hawakukubaliana kuhusu watu kama wewe, na ugomvi wao unakuhusu. Vincent Tinto, tangu mwaka 1975, alikuwa akieleza kwamba mwanafunzi huacha chuo asipoungana nacho kimasomo na kijamii. Baadaye akafananisha safari hiyo na jando: unaondoka kwenu, unakaa porini kati ya huku na huku, kisha unaingizwa kwenye jamii mpya. Mwaka 1992 William Tierney akampinga, akiwatazama wanafunzi Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani. Hoja yake, niiseme kwa lugha ya kwetu, ni kwamba jando ni la mtu ndani ya kabila lake. Huwezi kumpeleka mtoto wa watu porini kwenu, umwambie asahau kwao, halafu asipopona useme ni mwoga. Miaka mitano baadaye Sylvia Hurtado na Deborah Carter wakachunguza wanafunzi wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Waliokuwa kwenye vikundi vya dini na vya jamii zao walijiona wa mahali pale zaidi. Vivyo hivyo kwa wale waliokuwa wakizungumzia masomo na wenzao nje ya darasa. Hilo la mwisho likumbuke, nitalirudia.

Neno la tahadhari hapo. Wanafunzi weusi wa Marekani, ambao nitawataja sana hapa chini, wanabeba historia ya utumwa na ya sheria zilizowatenga na vyuo. Wewe hubebi hiyo. Umetoka wilaya ambako mfugaji na mkulima wamewahi kutazamana kwa jicho baya, na umeingia mji ambako Mmasai anajulikana kwa kulinda mageti, kuuza kandambili za matairi na kusuka nywele. Ni hadithi nyingine. Kwa hiyo nayachukua ya kwao pale tu yanapoeleza jinsi akili ya binadamu inavyofanya kazi ikiwa peke yake kati ya wengi. Hapo tunafanana.

Katika yote niliyosoma kuhusu jambo hili, moja silisahau. Miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, kijana aliyekuwa akisomea hisabati, Uri Treisman, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wanaanguka somo la hisabati liitwalo kalkulasi. Akawauliza walimu. Walimu wakasema hawana ari, hawakuandaliwa, nyumbani hakuna wa kuwasukuma. Hakutosheka. Akachukua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China, akawafuata hadi wanakolala, akawatazama wanavyosoma. Wale weusi hawakuwa wavivu hata kidogo. Walikuwa wanafanya walichoambiwa: saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya kipindi, kama saa 8 kwa wiki, mlango umefungwa. 18 kati ya wale 20 hawakuwahi kusoma na mwenzao. Marafiki walikuwa nao, lakini marafiki walikaa upande huu na vitabu upande ule, havikutani.

Wale wa asili ya China walisoma kama saa 14. Sehemu kubwa kila mtu peke yake, kisha jioni wanakaa pamoja, wanakula, wanakaguana majibu, huyu anamuuliza yule "hili umelipataje?" Sasa fikiria usiku wa saa tano, swali la saba. Mwanafunzi mweusi amekwama. Anachojua ni kwamba yeye amekwama. Hajui kwamba nusu ya darasa imekwama hapo hapo, kwamba kitabu chenyewe kimekosewa ukurasa ule, au kwamba mwalimu ameshasema swali hilo liachwe. Anafunga daftari akiamini tatizo ni kichwa chake. Kwa wale wengine swali la saba linapelekwa mezani jioni, linachekwa, linatatuliwa.

Treisman hakuwafungulia darasa la wasioelewa. Aliunda vikao vya watu wachache, akawawekea maswali magumu kuliko ya darasani, na akavitangaza kuwa vya wanaotaka kufaulu sana. Wanafunzi weusi waliohudhuria walipanda, na mtindo huo ukaigwa na vyuo vingine vingi.

Nisamehe nikiingia kwenu bila hodi, na kama nimekosea nirekebishe: nilivyoambiwa, moran hanywi maziwa peke yake, sharti awepo wa rika lake. Basi kaka yako anapokwambia ujifungie chumbani na hesabu, anakuagiza jambo ambalo nyumbani asingekuruhusu kulifanya hata kwa kibuyu. (Nami naona nimeshakurudisha kwenye ng'ombe na maziwa kama wale wa darasani kwako. Naacha.)

Hicho ndicho kikundi cha nne. Tafuta watatu, muwe wanne. Si lazima wawe watu wa kwenu. Wale wenzako watatu wa Kiparakuyo pengine hawasomi kozi yako. Muombe anayekaa jirani yako, na yule anayeuliza maswali mbele, na mmoja ambaye unajua naye ana sapu lakini hasemi. Kutaneni mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, kwenye darasa lililo wazi mchana kabla ya mazoezi. Sheria iwe moja: kila mtu awe amejaribu maswali peke yake kabla ya kuja, na aje na lile lililomshinda. Asiyejaribu anakaa kimya nusu saa ya kwanza. Mtu ashike chaki aeleze, wengine wamkatize. Kikao cha kugawana madesa na kupiga picha daftari la mwenye akili hakimsaidii hata mwenye daftari. Na tafadhali msikiite kikundi cha wenye sapu, msipeane aibu bure.

Kwa sapu ya mawasiliano dawa ni tofauti kidogo. Wewe Kimaa ni cha kwanza, Kiswahili cha pili, shule ya msingi umesoma kwa Kiswahili, sekondari ukakutana na Kiingereza mlangoni, na chuo sasa kinakutahini kwa hicho cha tatu. Lugha huingia kwa mdomo. Kama chuo chenu kina klabu ya midahalo, hiyo ni shughuli ya nje ya darasa inayolipa moja kwa moja ndani ya darasa. Nenda mara moja kwa wiki, mwezi wa kwanza usikilize tu, wa pili omba dakika mbili. Kama hakuna klabu, kikao chenu cha hesabu kianze kwa kila mtu kueleza swali lake kwa Kiingereza, hata kibovu. Mtacheka sana, na kicheko hicho si kama kile cha mlangoni.

Sasa turudi mlangoni. Kulinda ni kazi halali na anayeifanya hana aibu. Aibu ni ya mtu aliyeona shuka akaacha kuona daftari mkononi. Ila kuna jambo hutokea ndani ya mtu baada ya siku ile. Mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson waliwapa wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Stanford, kule Marekani, mtihani mgumu wa lugha. Walipoambiwa unapima akili, walifanya vibaya kuliko pale mtihani ule ule ulipotajwa kama zoezi la utafiti tu. Maelezo yao ni kwamba mtu anayejua watu wanasemaje kuhusu kundi lake hutumia sehemu ya akili kulilinda jina badala ya kujibu swali. Siku hizi wataalamu wanabishana sana kuhusu ukubwa wa jambo hilo, na si kila aliyerudia jaribio amelipata. Mimi silitumii kama kipimo cha sapu zako. Nakupa kama jina la kitu ambacho nadhani unakifahamu: kukaa kipindi kizima hujanyoosha mkono, kwa sababu ukikosea hutakosea wewe, watasema "Masai kakosea".

Kwa hiyo nikitazama vikundi vyako vitatu sianzi na saa. Nauliza kwanza: ni wapi wanakuita kwa jina lako?

Kama ni uwanjani, mpira ubaki. Kwenye pasi hakuna muda wa kusema "wewe Masai", mtu anaita jina. Tena mwili unaokimbia hulala vizuri, na usingizi ndio unaoshikilia ulichosoma mchana. Lakini siku nne za mazoezi ni nyingi kwa mtu mwenye sapu mbili. Mwendee kocha mwenyewe, usimtume mtu, mwambie una mitihani ya marudio na unaomba siku mbili kwa wiki hadi ipite. Kocha akikataa kabisa, utakuwa umejua unachezea nini.

Kwaya sina mengi. Jumapili nenda kasali, mazoezi ya usiku yapumzishe. Hakuna kwaya iliyovunjika kwa kukosa sauti moja miezi mitatu.

Kikundi cha utamaduni ndicho kinachonitia shaka, na hapa nakubali naweza kuwa naona vibaya kwa sababu niko mbali. Kucheza ngoma ya kwenu mbele ya watu si udhalilishaji. Inaweza kuwa fahari, na vikundi vya asili vimewasaidia wengi wa hao wanafunzi wachache kule Marekani kuvuta pumzi. Lakini kuna tofauti kati ya kikundi chako na kikundi kinachokutumia kama pambo. Jipime hivi: siku wanayokaa kupanga mialiko na kugawa posho, upo kikaoni? Kuna hata mmoja wao aliyejifunza kuruka kama unavyoruka, akakuuliza wimbo ule unasema nini? Au unapigiwa simu saa sita mchana, "Masai, kuna shoo saa kumi, njoo na rubega"? Kama ni hili la mwisho, hicho si kikundi, ni kibarua kisicho na mshahara, na kinakula saa 12. Waambie unabaki kwa sharti: uwe mwalimu wa ngoma hiyo au uwe kwenye kamati, mialiko isizidi miwili kwa mwezi, na wiki mbili kabla ya mitihani usiitwe. Wakikubali, umepata mahali. Wakikuona unajivuna, toka kwa amani.

Badala yake, mkusanyike ninyi wanne mnaojuana. Mara moja kwa mwezi, sehemu yoyote, hata kwenye mihogo ya kukaanga ya barabarani. Muongee Kimaa mpaka mchoke. Na huyo wa mwaka wa tatu umuulize swali ambalo nadhani hujamuuliza: mwaka wake wa kwanza ulikuwaje? Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha jaribio dogo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya waliowatangulia, kwamba nao walifika wakajiona si wa pale, na hali ile ikapita. Kazi yote ilichukua kama saa moja, lakini alama za wanafunzi weusi zilipanda kwa miaka mitatu. Jaribio kubwa la mwaka 2023, kwenye vyuo 22, lilipata faida ndogo zaidi, na ilionekana pale tu ambapo chuo chenyewe kilikuwa kimeacha nafasi kwa watu hao kuwa wenyeji. Maneno matamu hayamjengi mtu kwenye chuo kilichofunga mlango. Lakini kusikia kutoka kwa mtu wa kwenu kwamba naye aliwahi kushika sapu, kama alishika, kunapunguza ule uongo wa usiku wa saa tano.

Kuhusu kaka: usimpigie kumwambia "nimeacha" kama hujaacha. Mwambie idadi. Kama umetoka kwenye kikundi cha utamaduni, itakuwa hivi: "Nilikuwa na saa 33 za vikundi, sasa nina 13, na nimeongeza saa 10 za kusoma, nne ni na wenzangu." Jaribio la kwanza la darasani likirudi, mtumie picha ya karatasi yenyewe, hata kama alama si nzuri. Anayeuza mifugo kukusomesha anastahili kuona hesabu ya mali yake. Sitabiri atakubali siku hiyo hiyo.

Sapu zenyewe zina kanuni zake. Chukua kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chenu ukisome mwenyewe, usitegemee maneno ya korido. Angalia tarehe za marudio, kama kuna ada ya kulipia, na ni masomo mangapi mtu akianguka anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Vyuo vingi ukifaulu sapu hukuandikia daraja la chini la kufaulu hata kama umepata juu, kwa hiyo usipoteze usingizi ukitafuta A ya sapu. Faulu, nguvu nyingine ipeleke kwenye masomo ya semista hii.

Kuna mambo ambayo barua haiyamalizi. Kama hesabu inakushinda tangu kidato cha pili, kikundi peke yake hakitatosha. Nenda kwa mwalimu wa somo ofisini kwake na swali mkononi, umuombe akuoneshe ulipokatikia. Kama yule mwalimu au mwingine atarudia mambo ya funguo, au wenzako wakivuka kutoka utani kwenda matusi, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, upeleke kwa mshauri wa wanafunzi. Na kama usingizi umepotea wiki mbili, chakula hakishuki, huoni sababu ya kuamka, au umewahi kufikiri ni heri usingekuwepo, hilo si la kusubiri sapu ipite. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, mshauri wa chuo au mlezi wako, na uende hospitali. Hapo mjini Bombo si mbali, ukifika sema wazi kwamba ni mawazo yanayokusumbua, usijifanye umekuja na malaria.

Siku mwalimu mgeni akikukuta tena mlangoni, sema "Naitwa fulani, nasoma hapa," kisha ingia ukakae. Si lazima ucheke.

Kwanza fanya kazi hii ya Jumapili jioni: chukua karatasi, chora siku saba, andika upya ratiba. Kwenye mstari wa kujisomea sitaki kuona neno "usiku". Andika saa ya kuanza, saa ya kumaliza, somo, na jina la utakayekaa naye. Kisha niandikie.